Mgeni, Fundi na Gemu ya Ngumi

Kombo, yaani mapigo yanayofuatana bila mpinzani kupata mwanya wa kujikinga, ndiyo roho ya gemu za ngumi za leo, na ilizaliwa kwa kasoro. Capcom ya Japani ilipokuwa ikikamilisha Street Fighter II, iliyotoka mwaka 1991, mtayarishaji Noritaka Funamizu aligundua katika hatua ya ziada ya kuvunja gari kwamba pigo la pili linaweza kuchomekwa kabla la kwanza halijaisha. Aliona ni jambo gumu mno kwa mtu wa kawaida, akaliacha humo kama siri. Hakuwapigia hesabu vijana wenye sarafu mfukoni na mchana mzima wa kupoteza. Mashine zilipoenea madukani na kumbini, foleni iliyosimama nyuma yake ikawa shule: aliyepigwa aliondoka, aliyeshinda aliendelea kucheza kwa sarafu ile ile, na siri ya Funamizu ikawa somo la lazima. Ni watu wa foleni za namna hiyo, wapatao 40, waliokutana Sunnyvale, California, mwaka 1996 kwa shindano lililoitwa Battle by the Bay. Mwaka 2002 lilibadilishwa jina na kuwa Evolution, au Evo kama wanavyoliita wenyewe.

Foleni hiyo hiyo ilizaa ugomvi ambao haujaisha. Mafundi wanadai kwamba kila gemu inayolegezwa kwa ajili ya wageni hupoteza ladha. Baadhi ya watengenezaji nao wanaamini kwamba kila hila inayowafurahisha mafundi inamfunga mlango mgeni, kwa hiyo lazima mmoja atolewe kafara ili mwingine ale. Ukiifuata historia yenyewe, kafara hiyo haionekani kuwa ya lazima. Wageni hawakuzikimbia gemu kwa sababu zilikuwa na kina. Walizikimbia pale walipokosa la kufanya isipokuwa kupigwa.

Aliyeliona hilo mapema ni Masahiro Sakurai, wakati huo mtengenezaji wa gemu katika HAL Laboratory. Amesimulia kwamba alikuwa akicheza The King of Fighters '95 kwenye mashine ya sarafu, akawatwanga vibaya watu wawili waliokuwa wamekuja pamoja na wasioujua mchezo, na ushindi ule ukamkera. Jibu lake lilikuwa Super Smash Bros., iliyotoka Japani Januari 1999 kwa Nintendo 64, baada ya Satoru Iwata, aliyekuja kuwa rais wa Nintendo, kumwandikia programu ya jaribio la kwanza. Humo hakuna mstari wa uhai unaoisha. Kila pigo huongeza asilimia, na asilimia ikiwa kubwa, pigo dogo tu linamrusha mtu nje ya jukwaa. Watu wanne hucheza kwa pamoja, silaha zinadondoka kutoka juu, na anayeshindwa anacheka kwa sababu hata jirani yake bingwa amelipuliwa na bomu lililoanguka pasipotarajiwa. Ujanja haukuondolewa. Kilichopungua ni aibu ya kushindwa.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachovunja nadharia ya kafara. Super Smash Bros. Melee ya mwaka 2001 ilitengenezwa kwa sherehe ile ile ya sebuleni, lakini ilikuwa na kasi ambayo mafundi walianza kuichimba. Waligundua kwamba mhusika akikwepa hewani kwa mshazari kuelekea chini, huteleza ardhini huku akiwa huru kupiga. Waligundua kitufe kinachopunguza kwa nusu muda wa kuduwaa baada ya kutua. Wakazima silaha, wakachagua majukwaa machache, wakajiwekea roho nne kila mmoja, na gemu ya sherehe ikawa miongoni mwa gemu ngumu kuliko zote kuwahi kushindaniwa. Sakurai alikuja kuona kwamba Melee ilikuwa imewaelemea wageni, na Brawl, iliyoifuata mwaka 2008, ikatoka ikiwa imepunguzwa kasi. Mtelezo ule uliondolewa. Kibaya zaidi, ukiwa mbioni mhusika wako angeweza kujikwaa mwenyewe, kwa bahati nasibu, bila kosa lolote. Sijui mgeni gani aliwahi kufurahi kuanguka bila sababu.

Mtetezi wa Brawl atasema sokoni ndiko hukumu inakotolewa: Brawl iliuza nakala zaidi ya milioni 13, Melee zaidi ya milioni 7. Hesabu hiyo haijakamilika bila mashine zenyewe. GameCube, nyumba ya Melee, iliuzwa takriban milioni 22, ilhali Wii, nyumba ya Brawl, ilipita milioni 101. Kwa hiyo Melee ilinunuliwa na karibu mmoja kati ya kila wenye mashine watatu, Brawl na mmoja kati ya wanane hivi. Nakubali kwamba wengi walionunua Wii walitaka tenisi ya familia tu, na kipimo hiki hakiwezi kubeba kila kitu. Lakini kinatosha kuonyesha kwamba ugumu wa Melee haukuwa ukuta, maana wengi wa walioinunua hawakuwahi hata kujua kwamba mtelezo ule upo. Kina cha bahari hakimsumbui anayeoga ufukweni. Mafundi nao hawakuhama. Mwaka 2013, Evo ilipowaachia mashabiki wachague gemu moja kwa kuchangia utafiti wa saratani ya matiti, Melee ilishinda kwa michango ya karibu dola 95,000. Nintendo ikataka kuzuia isirushwe mtandaoni, kisha ikabadili kauli baada ya kelele.

Kosa la upande wa pili lilifanywa na Capcom yenyewe. Street Fighter V ilitoka Februari 2016 ikiwa tayari kwa mashindano lakini haina ule mfululizo wa kawaida wa kupambana na kompyuta mpinzani mmoja baada ya mwingine, kitu ambacho Street Fighter II ilikuwa nacho miaka 25 nyuma. Kampuni ilitarajia nakala milioni 2 kufikia mwisho wa Machi, ikapata milioni 1.4. Mfululizo huo ulikuja kuongezwa Januari 2018. Kuna watakaosema leo mtandao unamtafutia kila mtu mpinzani wa kiwango chake, kwa hiyo mgeni hana tena sababu ya kulalamika. Mpinzani wa saizi yako ni jambo jema, ila ukipangiwa haki kabisa bado utashindwa karibu nusu ya mechi zako, na katika nusu hiyo Street Fighter V haikukupa pa kupumzikia. Tekken 3 ililielewa hili zamani. Waliokulia kwenye vibanda vya PlayStation vya Nairobi na Dar es Salaam wanamkumbuka Eddy Gordo, Mbrazili wa capoeira, ambaye ukibonyeza ovyo anazunguka mateke kama aliyefundishwa. Fundi aliyejua kujikinga chini na juu alimmaliza upesi, lakini aliyebonyeza ovyo alikuwa ameshapata raha yake. Mlango huo mpana haukuuzuia mfululizo wa Tekken kuwa mchezo wa mabingwa: ni kupitia Tekken 7 kwamba Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa.

Wacheza bao walishayamaliza haya. Pembeni ya bao la kiswahili lipo bao la kujifunza: ubao ule ule, kete zile zile 64, ila zote zimepangwa mbili mbili tangu mwanzo na awamu ya namua, ile ya kuingiza kete ubaoni moja moja, haipo. Sijasikia fundi aliyelilalamikia. Street Fighter 6, iliyotoka Juni 2023, imefuata njia inayofanana na hiyo. Asiyeiweza ile mizungusho ya kijiti anatoa pigo maalumu kwa kitufe kimoja, na kwa njia hiyo ya mkato pigo lake linapungua nguvu kwa asilimia 20. Asiyetaka kupigana na mtu ana mji mzima wa kuzurura. Palikuwa na manung'uniko kwamba mafundi wamesalitiwa. Agosti mwaka huo, kwenye Evo huko Las Vegas, gemu hiyo iliandikisha washindani zaidi ya 7,000, idadi ambayo Evo haikuwahi kuiona kwa gemu moja, na taji likaenda Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa mchezaji anayejulikana kama AngryBird.