Shahada kwa Njia ya Posta

Ndugu zangu wa ukoo,

Katika kijitabu cha mkutano wetu uliopita iliandikwa kwamba mimi ndiye wa kwanza katika ukoo huu kusoma bila kuingia darasani. Nashukuru kwa heshima hiyo, lakini habari yenyewe si sahihi, na kwa kuwa tuliokuwapo tunazidi kupungua, naona ni wajibu wangu kuirekebisha.

Elimu ya masafa ni kongwe kuliko wengi wetu tudhanivyo. Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia mitihani yake watu wasiosoma vyuoni mwake tangu mwaka 1858. Kwetu Tanzania, katika miaka ya 1970, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza kutoa masomo kwa njia ya posta. Miongoni mwa waliojiandikisha alikuwamo marehemu kaka yetu mkubwa, wakati huo karani mjini Tanga. Nazikumbuka bahasha zake za kaki, taa ya chemli, na jinsi alivyonifukuza nisiuguse wino wake. Nia yake ilikuwa afike chuo kikuu. Baba alipofariki mwaka 1976, tulibaki wadogo watano wa kulishwa na kuvishwa. Kaka alizifunga bahasha zile kwa kamba, akatafuta kazi ya pili ya jioni. Hakulisema hilo hata siku moja. Nilielezwa na mama, nami nimekwisha kuwa mtu mzima.

Mwaka 1994, nikiwa mtumishi wa serikali hapa London, nilijiunga na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopata hati ya kifalme mwaka 1969 na kuanza kufundisha mwaka 1971. Shahada niliyoikusudia, ya historia, ilihitaji pointi 360, nami nilimudu 60 kwa mwaka. Yaani miaka sita. Vitabu vililetwa na tarishi, insha zikaenda na kurudi kwa posta, na vipindi vya BBC, ambavyo vilikoma mwaka 2006, nilivinasa kwenye kanda usiku wa manane. (Shemeji yenu husema aliolewa na mashine ya video.)

Mwaka huohuo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza. Nilimpelekea kaka ada. Aliirudisha, akasema wakati wake umepita, afadhali asomeshwe binti wa dada yetu. Ila aliomba nakala za insha zangu. Alizisoma zote. Moja, iliyohusu mashamba ya mkonge, ilinirudia imejaa penseli pembeni: mwalimu wangu alikuwa ameisifu, kaka alionyesha makosa manne, na yote manne yalikuwa makosa kweli.

Bahasha zake zingali katika sanduku la bati, chumbani kwa mama, Tanga. Nasikia nyumba itaezekwa upya. Nawaomba vijana mtakaohamisha vyombo msizichome.