Plato: Athari za Falsafa Yake

PLATO (takriban 427–347 K.K.), mwanafalsafa wa Kiyunani wa mji wa Athens, ndiye chimbuko la udhanifu, yaani mafundisho yasemayo kwamba vitu vinavyoonekana na kuguswa, ambavyo huzaliwa na kuharibika, ni vivuli tu vya maumbo ya milele yasiyofikiwa kwa hisi ila kwa akili, kwamba matendo ya haki hutokea na kupita, bali Haki yenyewe haina mwanzo wala mwisho. Athari za mafundisho haya zimedumu kwa zaidi ya karne 23, na ajabu yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya muda huo ziliwafikia wanafikra si kwa vitabu vya Plato mwenyewe, bali kwa wafasiri, kwa wapinzani, na hata kwa jina la mtu mwingine.

Mpinzani mkubwa alitoka nyumbani mwake. Aristotle, aliyekaa miaka ipatayo 20 katika Akademia, chuo alichokiasisi Plato yapata mwaka 387 K.K., aliyakana maumbo yaliyojitenga na vitu, akashika kwamba umbo la kitu limo ndani ya kitu chenyewe. Walakini swali alilolijibu, la nini kinachodumu katika vitu vinavyobadilika, lilikuwa swali la mwalimu wake.

Sura ya mafundisho ya Plato ambayo vizazi vingi viliijua ilitokana na Plotinus (takriban 205–270), aliyesoma Alexandria na kusomesha Roma. Yeye alifundisha kwamba vyote vilivyopo hububujika kutoka kwa Mmoja asiyeelezeka: kwanza Akili, ndiyo makao ya maumbo, kisha Nafsi, na mwisho ulimwengu huu wa maada, na kwamba saada ya mwanadamu ni kupanda kuirudia asili yake. Augustine, mzaliwa wa Thagaste katika Afrika ya Kaskazini, alivisoma vitabu vya madhehebu ya Plotinus kwa tafsiri ya Kilatini mjini Milano mwaka 386, akaachana na dhana kwamba Mungu ana mwili; baadaye akayaweka maumbo ya milele katika ilimu ya Mungu mwenyewe, na huko ndiko wanatheolojia wa Ulaya walikoyakuta.

Katika ulimwengu wa Kiislamu mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Wanazuoni wa duru ya mwanafalsafa al-Kindi, katika karne ya 9, walitoa kwa Kiarabu kitabu kilichoitwa Theolojia ya Aristotle, ambacho kwa hakika kilikuwa maelezo ya sehemu za maandishi ya Plotinus. Basi waliodhani kuwa wanamfuata Aristotle walikuwa wakinywa kisima cha Plato. Al-Farabi (aliyefariki mwaka 950) aliandika juu ya mji wenye fadhila unaotawaliwa na mwenye hekima, akiifuata Jamhuri, kitabu cha Plato juu ya dola. Ibn Rushd (1126–1198), kwa kukosa kitabu cha Aristotle cha siasa, aliifafanua Jamhuri badala yake. Na mwanafalsafa Suhrawardi, aliyeuawa Halab mwaka 1191, alimwita Plato imamu wa hekima.

Ulaya ya Magharibi, kwa karne nyingi, haikuwa na vitabu vya Plato kwa Kilatini ila vichache, hasa sehemu ya kile kiitwacho Timaeus, hata Marsilio Ficino wa Florence, kwa ufadhili wa ukoo wa Medici, alipovifasiri vitabu vyote na tafsiri yake kuchapwa mwaka 1484. Tangu hapo waliobishana na Plato waliweza kumsoma mwenyewe. Immanuel Kant, mwaka 1781, alimsifu kwa kutambua kwamba akili huwania mambo yaliyo ng'ambo ya tajiriba, ila akakana kwamba yaweza kuyajua. Na Karl Popper, mwaka 1945, alimshutumu kwamba dola yake ya wanafalsafa ni asili ya udikteta.

Athari iliyo hai kuliko zote leo imo katika hisabati. Gottlob Frege na Kurt Gödel walishikilia kwamba kweli za hesabu zipo hata asipokuwapo wa kuzihesabu, na kwamba mwanahisabati huzigundua, hazibuni; rai hiyo huitwa Uplato hata na wale wanaoipinga, na kila anayeuliza idadi ziko wapi, ilhali hakuna aliyepata kuziona, ameingia tayari katika hoja iliyoanzishwa Athens.