Kifua kikuu si laana ya ukoo

Ndugu vijana, kuanzia Bwera mpaka Kasese mjini tunasikia neno moja: "Ule ukoo una TB, usioe pale." Sisi tunaopita nyumba kwa nyumba tunaona kazi ya neno hilo. Mtu anaficha kikohozi mpaka anatema damu. Basi tuangalie historia.

Hata Ulaya zamani wengi waliamini ugonjwa huu unarithiwa, juu waliuona unamaliza familia moja. Tarehe 24 Machi 1882, daktari Robert Koch alisimama Berlin akatangaza kijidudu chenyewe. Kumbe watu wa nyumba moja walikuwa wanavuta hewa moja.

Lakini swali likabaki. Wawili wanalala chumba kimoja, mbona huyu anaugua na yule hapana? Karibu robo ya watu duniani wameshaingiwa na kijidudu hiki, na katika kila 100 wao, wanaokuja kuugua ni kama 5 mpaka 10 tu. Mwaka 1943, Kallmann na Reisner wa New York waliandika juu ya mapacha. Kwa pacha wanaofanana kabisa, mmoja akiugua, mwingine naye aliugua mara nyingi zaidi kuliko kwa pacha wasiofanana. Maana yake mwili tunaozaliwa nao una sehemu yake.

Mwaka 2016 habari ikatoka huku kwetu. Watafiti walichunguza watu wa Uganda na Tanzania wenye virusi vya UKIMWI, ambao kinga yao ni dhaifu. Wengine hata hivyo hawakuugua TB. Wakakuta tofauti ndogo ya urithi, karibu na jeni inayoitwa IL12B, ambayo inasaidia mwili kuita askari wake. Wenye tofauti hiyo waliugua TB kwa uchache.

Kwa hiyo tunachorithi ni mlango, mgumu ao mwepesi. Mwizi anatoka nje, kwa hewa. Na mlango unalegezwa pia na njaa, na UKIMWI, na kubanana watu wengi katika chumba kisicho na dirisha. Sasa hayo ni makosa ya ukoo gani?

Jeni hatuwezi kubadilisha. Dirisha tunaweza kufungua. Na TB ya kawaida inapona kwa dawa za miezi 6, hata kwa mwenye mlango mwepesi. Kikohozi kikifika wiki 2, twende tukapimwe. Na yule binti wa "ule ukoo", tumsalimie kama wengine.