Waliozaliwa Sabasaba: Wanamuziki Walioshirikiana Siku ya Kuzaliwa

Siku ya 7 Julai, ambayo hapa kwetu aghalabu haitajwi kwa jina jingine ila Sabasaba, imepata adhama yake kwa kuwa katika siku hiyo, mwaka 1954, chama cha TANU kiliasisiwa Dar es Salaam. Na mtu wa Nanyala, akaapo kando ya barabara kuu akitazama malori yatokayo Tunduma na shehena za shaba ya Kongo na ya Zambia, na rumba ikisikika madirishani mwa madereva, hana sababu ya kuidhania siku hiyo kuwa na habari nyingine zaidi ya siasa na maonyesho ya biashara. Walakini taarikhi ya muziki nayo ina daftari lake, na katika daftari hilo ukurasa wa 7 Julai umejaa majina makubwa kupita kiasi cha kawaida.

Katika siku hiyo, mwaka 1930, alizaliwa Hank Mobley katika mji wa Eastman, jimbo la Georgia, Marekani, mpiga saksafoni ambaye sauti yake haikuwa na makali wala haraka, na ambaye mwaka 1961 alikuwa katika bendi ya Miles Davis. Miaka miwili baada yake, Vienna, alizaliwa Joe Zawinul, mtoto wa Kizungu aliyeanzia kwenye kodiani, akahajiri Marekani mwaka 1959, akakubalika miongoni mwa mabingwa weusi wa jazi katika bendi ya Cannonball Adderley, kisha mwaka 1970, pamoja na Wayne Shorter, akaunda kundi la Weather Report. Na ni yeye huyo aliyesimamia utengenezaji wa albamu ya Salif Keita wa Mali iitwayo Amen, iliyotoka mwaka 1991. Mwaka 1940, Liverpool, siku iyo hiyo ikampata Ringo Starr, mpiga drumu wa Beatles, ambaye habari zake zimekwisha andikwa za kutosha na wengine. Na kati ya Zawinul na Ringo, mwaka 1939, katika nchi ya Kasai, akazaliwa Nicolas Kasanda wa Mikalayi, ambaye Afrika yote ya rumba ilimjua kwa lakabu ya Dokta Nico.

Huyu wa nne ndiye anayetuhusu zaidi, maana kama kuna mkono mmoja ulioingia katika vidole vya wapiga gitaa la solo wa Tanganyika, Kenya na Uganda pasipo wao kwenda kwa mwalimu, ni mkono wake. Nico alisomea ualimu wa ufundi, na pengine ndiyo maana upigaji wake una nidhamu ya mtu aliyezoea kupima kabla ya kukata: nyuzi zake hazikokotwi wala hazigongwi, bali hudondoka moja moja, kila moja ikiwa safi, hata msikilizaji akadhani kwamba wimbo ungeweza kuendelea bila ya mwimbaji. Alikuwa kijana katika African Jazz ya Joseph Kabasele, na mwaka 1960, wakati viongozi wa Kongo walipokutana na Wabelgiji mjini Brussels kupatana juu ya uhuru, bendi hiyo ilikwenda nako, na huko ukazaliwa wimbo wa Indépendance Cha Cha. Mwaka 1963 yeye na Tabu Ley Rochereau wakajitenga na Kabasele, wakaunda African Fiesta, nao baadaye wakatengana wenyewe kwa wenyewe, kama ilivyo ada ya bendi zetu. Wapenzi wake walimpandisha daraja wakamwita kwa sifa ambayo muumini huona haya kuitamka juu ya kiumbe. Nami nitatosheka na udokta.

Ajabu yenyewe, kwa wapendao ajabu, ni kwamba mshindani wake mkuu, Franco Luambo Makiadi, alizaliwa Sona Bata tarehe 6 Julai 1938, yaani mwaka mmoja na siku moja kabla yake. Wakati Nico alipokuwa akizipanga sauti zake kwa utaratibu wa fundi, Franco alizipiga kwa kidole gumba na cha shahada, kwa mkazo na marudio, na kuanzia 1956 bendi yake ya OK Jazz ikaijenga mikogo yake yenyewe, iliyoitwa odemba. Hizo ndizo madhehebu mbili za gitaa la Kongo, na bendi zetu za dansi, ziwe zilijiita Jazz au la, ziliziiga zote mbili kwa zamu. Siku ya Franco nayo ina wenzake: Bill Haley, Mmarekani aliyewachezesha vijana wa dunia rokenroli, alizaliwa 6 Julai 1925, na jirani zetu wa ng'ambo ya mto Songwe, Wamalawi, walijipatia uhuru wao 6 Julai 1964.

Asije msomaji akaniuliza nyota gani hiyo ya Julai. Wataalamu wa hesabu wamekwisha onyesha kwamba ukiwakusanya watu 23 tu chumbani, uwezekano wa wawili kati yao kushirikiana siku ya kuzaliwa unapita nusu, na wakifika 30 unakuwa kama saba katika kumi. OK Jazz ya miaka ya 1980 ilikuwa na wanamuziki zaidi ya thelathini. Basi yamkini palikuwa na wawili ndani ya bendi moja waliokuwa na siku moja, bila ya mtu kwenda Vienna wala Liverpool kuwatafuta. Tena hesabu hii ni ya kalenda moja tu. Aliyezaliwa 29 Agosti 1920, kama Charlie Parker, na aliyezaliwa 29 Agosti 1958, kama Michael Jackson, ni wenzi kwa miezi ya Kizungu, ilhali kwa miezi ya mwandamo kila mmoja yuko mahali pake.

Kwa hiyo sadfa yenyewe si kitu. Kilicho kitu ni kuuliza nani anayeweza kuingia katika sadfa hiyo, kwa kuwa hawezi mtu kushirikiana siku na mwenziwe asipokuwa na siku iliyoandikwa. Louis Armstrong, ambaye aliizunguka dunia na tarumbeta yake, na ambaye mnamo Oktoba 1960 alibebwa juu kitini na watu wa Léopoldville kama mfalme, aliishi na kufa akisema kwamba alizaliwa 4 Julai 1900, sikukuu ya uhuru wa Marekani na mwanzo wa karne, tarehe tamu mno kwa mtu aliyezaliwa katika ufukara wa New Orleans. Alifariki 6 Julai 1971, Franco akitimiza miaka 33. Ikapita zaidi ya miaka kumi ndipo mtafiti Tad Jones alipofunua daftari la ubatizo la kanisa la Moyo Mtakatifu wa Yesu mjini humo, akakuta kwa Kilatini cha padri kwamba mtoto Armstrong alibatizwa 25 Agosti 1901, na kwamba alizaliwa tarehe 4 ya mwezi huo. Mstari mmoja wa wino ukamwondolea mwaka mmoja na mwezi mmoja, ukamtoa katika sherehe za taifa lake, ukamweka pamoja na Barack Obama, mwana wa Mjaluo wa Kogelo, aliyezaliwa 4 Agosti 1961. Sioni kwamba alipata hasara.

Sasa na tutazame kwetu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, panapo mwaka 1880, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri, hana siku ya kuzaliwa. Ana siku ya wafati, 8 Julai 1950, nayo tunaijua vema. Bi Kidude, ambaye jina lake halisi ni Fatuma binti Baraka, alipoulizwa umri wake alikuwa akiutaja kwa zama za rupia, na dunia iliyompa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kumlilia 17 Aprili 2013 ilibidi iridhike na jibu hilo. Huu haukuwa uzembe. Mnajimu wa pwani, alipotaka kuijua nyota ya mtu, hakuuliza tarehe, bali alilichukua jina lake na jina la mama yake, akazihesabu herufi. Na wazee wa bara, Unyiha na Unyamwanga wakiwamo, waliwapa watoto umri kwa njaa, kwa nzige na kwa vita ya Wajerumani. Siku ya kufa ndiyo iliyokuwa na kazi, kwa ajili ya arobaini na hitima. Siku ya kuzaliwa ilikuwa haina mtu wa kuidai.

Vijana wa leo wana tarehe zao, na mara wamejikuta katika jamaa wasiyoichagua. Lady Jaydee, mzaliwa wa Shinyanga, ana siku yake 15 Juni, siku ya Erroll Garner, mpiga piano wa Pittsburgh ambaye hakujua kusoma nota na bado akatunga Misty. Diamond Platnumz, mtoto wa Tandale, ana 2 Oktoba pamoja na Sting, Mwingereza aliyeanzia katika bendi za jazi za Newcastle kabla ya kupata utajiri kwingine. Zuchu wa Unguja alizaliwa 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, ambaye kwaya nyingi za Kikatoliki za nchi hii huitwa kwa jina lake. Jambo ambalo Khadija Kopa, mama yake na malkia wa taarabu, sidhani kama alilikusudia. Na Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya, ambaye mwaka 2017 aliileta tuzo ya BET, ana 22 Agosti pamoja na John Lee Hooker, mwimbaji wa bluzi wa Mississippi. Huyo Hooker siku yake inajulikana lakini mwaka wake una mabishano, wengine wakisema 1912 na wengine 1917, kwa kuwa mkulima mweusi wa pamba naye hakuwa na karani wa kumwandikia.

Namtaja Rayvanny mwisho kwa makusudi, kwa sababu Nanyala ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya hadi Songwe ilipokatwa kuwa mkoa mwaka 2016, na ni katika Mkoa huo huo wa Mbeya kwamba mwaka 2013 Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, aliuanza mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano katika zahanati, vituo vya afya na ofisi za kata. Utaratibu wake ni mwepesi: mzazi huja na kadi ya kliniki, msajili huuliza jina la mtoto, siku na mahali alipozaliwa na majina ya wazazi, akakiandika cheti kwa mkono bila ya malipo, kisha akazituma habari zile kwa simu ya mkononi hadi makao makuu. Mzee aliyezaliwa mwaka wa nzige angeliona jambo hilo la kuchekesha, karatasi na simu kwa ajili ya kitoto kisichojua kutambaa. Lakini lau ofisi ya namna hiyo ingalikuwako Fumba, tungalijua leo Siti anashirikiana siku na nani.

Watoto basi wana wa kuwaandikia. Wasio na mtu ni wazee waliobaki wa bendi za dansi na wa ngoma, wapiga besi, ridhimu na tumba ambao majina yao hayakupata hata kuchapwa juu ya santuri walizozipiga. Ewe msomaji uliye na baba, mjomba au babu wa namna hiyo, iwe Tunduma, Vwawa au Mlowo, mwulize angali hai alizaliwa lini na wapi, na alipiga chombo gani katika bendi gani, uyaandike katika daftari, na nakala yake uipeleke ofisi ya utamaduni ya wilaya.