Kabla ya Bango la Mdhamini

Novemba 1968, juu ya kilima ambacho mpaka leo tunakiita Mlimani, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walijiandaa kushuka mjini wakiwa wamevaa matambara. Ilikuwa sherehe. Iliitwa Rag Day, desturi iliyoletwa kutoka vyuo vya Uingereza: mara moja kwa mwaka wanafunzi huvaa nguo zilizochanika, hupanda magari, huzunguka mitaani wakichekesha watu na kuchangisha fedha, kisha fedha hizo hupelekwa kwa wasiojiweza. Magari yalikuwa tayari. Siku hiyo lakini msafara ulikwama, kwa sababu wanafunzi wenzao walikuwa wamewahi kuyatoa matairi upepo.

Waliofanya hivyo walikuwa wanachama wa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi ulioanzishwa mwaka 1967 chini ya uenyekiti wa kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Hoja yao ilikuwa kwamba mwanafunzi anayesomeshwa kwa jasho la mkulima hana haki ya kuufanya umaskini wa mkulima huyohuyo kuwa vazi la maigizo, akauchekea barabarani, kisha akaomba sarafu kwa wenye nazo. Unaweza kuwaona kama vijana wakali wasiojua utani. Hata hivyo, walikuwa wameshika swali ambalo halijazeeka: sherehe ya wanafunzi inalipiwa na nani, na anayelipa anapewa nini?

Swali hili nimelikuta chuoni likiwa limevaa nguo nyingine. Mimi natoka Kawajense, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, na kwetu gharama za sherehe hazina fumbo. Inaundwa kamati, anachaguliwa mweka hazina, kadi za mchango zinasambazwa, na jina la kila mtu linaandikwa kwenye daftari pamoja na alichoahidi na alichotoa. Vikao vinakuwa virefu, watu wanakumbushana madeni mpaka inakera, lakini siku ikifika kila mmoja anaketi akijua kwamba kiti kile na sahani ile vina mkono wake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Chuoni nilikuta daftari limegeuka barua. Serikali ya wanafunzi ikitaka kuwakaribisha mwaka wa kwanza, kuandaa bonanza la michezo au usiku wa utamaduni, waziri anayehusika huandika barua ya kuomba udhamini, anaambatanisha bajeti, anaipitisha kwa mshauri wa wanafunzi apate saini na mhuri, kisha inaanza safari ya ofisi za masoko za makampuni ya simu, benki na vinywaji. Ndani ya barua kuna ngazi: mdhamini mkuu, wadhamini wenza, wachangiaji. Kila ngazi ina bei yake na zawadi yake. Mdhamini mkuu anapata bango kubwa nyuma ya jukwaa, banda karibu na lango, dakika za kuzungumza, na ahadi kwamba mshindani wake hatakanyaga uwanjani siku hiyo. Mara nyingi fedha taslimu ni kidogo. Kinachokuja ni fulana, maji ya chupa, turubai, spika na mshereheshaji. Ukumbi unajaa, picha zinapigwa, laini zinasajiliwa, akaunti zinafunguliwa, na jioni turubai linakunjwa.

Siwalaumu viongozi wanaoandika barua hizo. Mkono mtupu haulambwi, na ada ya jumuiya ya wanafunzi haitoshi kukodi hata vyombo vya muziki. Ila nilitaka kujua tulifikaje hapa, kwa sababu Mlimani hakukuwa hivi tangu mwanzo.

Katika miaka ya 1960 na 1970 mlipaji alikuwa mmoja: serikali. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Masomo, malazi na chakula vililipwa na umma, na umma ulikuwa na chama chake. Mlipaji huyu naye alikuwa na masharti, wala hakuyaficha. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300, huku akipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1971, baada ya barua ya wazi dhidi ya uongozi wa chuo, rais wa jumuiya ya wanafunzi DUSO, Mkenya Simon Akivaga, alichukuliwa na askari wa FFU hapohapo chuoni na kurudishwa kwao. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga marupurupu mapya ya wabunge na viongozi. Mamia walifukuzwa, DUSO ikafutwa, na mahali pake pakawekwa MUWATA, jumuiya iliyokuwa chini ya mbawa za chama tawala.

Katikati ya miaka hiyo kuna jarida moja ambalo kila mara nasita nikilifikia. Novemba 1969 wanafunzi wa USARF, pamoja na tawi la vijana wa TANU, walianza kutoa *Cheche*. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, yule ambaye miongo kadhaa baadaye angekuwa Waziri wa Fedha. Halikuwa na karatasi ya kung'aa wala tangazo la bia. Wanafunzi waliandika makala wenyewe, wakayadurufu, wakapanga kurasa na kuzibana kwa pini, wakauza nakala. Novemba 1970 serikali ilipiga marufuku jarida pamoja na USARF yenyewe.

Nimewahi kusikia mwenzangu darasani akisema kwamba habari ya *Cheche* inathibitisha kujilipia hakusaidii: walijitegemea na bado walifungwa mdomo. Mimi nasoma tofauti. Ili *Cheche* linyamaze, ilibidi mtu mkubwa atoe amri. Amri hiyo ilikuwa na tarehe, ilijadiliwa kwenye mabweni, na leo sisi wanafunzi wa historia tunaifundishwa. Akivaga vilevile: kumwondoa kulihitaji askari na gari. Sauti ambayo wenyewe wanailipia ina sifa hiyo, kwamba ukitaka kuizima lazima uonekane ukiizima.

Mlipaji yule wa zamani alianza kuishiwa katika miaka ya 1980. Mei 1990, baada ya migomo, chuo kilifungwa kwa miezi kadhaa. Kilipofunguliwa wanafunzi walipata jumuiya yao wenyewe, DARUSO, isiyokuwa chini ya chama. Ilikuwa ni ushindi, lakini ulikuja wakati mmoja na sera ya kuchangia gharama, iliyoanza kumtaka mzazi na mwanafunzi kulipia kile ambacho umma ulikuwa ukikilipia. Kwa hiyo jumuiya ikapata uhuru na ukata kwa mkupuo mmoja.

Pengo hilo halikukaa wazi muda mrefu. Vodacom iliingia nchini mwaka 2000, Celtel ikafuata 2001. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi Julai 2005, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007 kikiwa na mpango wa kufikia wanafunzi 40,000. Yaweke pamoja mambo hayo utaona mdhamini amekuja kutafuta nini. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na maelfu ya vijana mahali pamoja, kila mmoja ana simu, na wengi wao wanapokea fedha za kujikimu, lile bumu, kwa tarehe moja kupitia akaunti ya benki. Ukimpata akiwa mwaka wa kwanza, huenda ukawa naye mpaka anastaafu. Mabango yamebadilika majina, Celtel ikawa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010, Tigo ikawa Yas mwishoni mwa 2024, lakini barua ya kuomba udhamini ni ileile.

Na mlipaji huyu mpya anataka nini zaidi ya laini kusajiliwa? Jibu la haki ni kwamba mara nyingi hataki kingine. Hatumi askari, hafukuzi mtu. Shida iko upande wetu. Katika chuo kimoja nilichopitia, risala ya rais wa wanafunzi ilikuwa na aya kuhusu makato ya kutoa fedha kwa simu, jambo ambalo kila mwanafunzi alikuwa akilinung'unikia. Siku mbili kabla ya sherehe aya ile ilikatwa kwa kalamu. Hakuna mtu wa kampuni aliyeomba ikatwe, wala sidhani kama kuna aliyewahi kuisoma. Aliyeikata ni mjumbe wetu, kijana mzuri tu, aliyesema, "Jamani, hawa ndio wametuletea turubai."

Hakukuwa na amri. Hakuna tarehe ambayo mwanafunzi wa historia wa mwaka 2060 ataikuta kwenye nyaraka. Hofu yangu ndiyo hiyo: chama kilipotunyamazisha kiliacha alama, lakini sisi tunajinyamazisha kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kumuudhi mwenyeji, wakati nyumba ni yetu na mgeni ni yule mwenye bango.

Tena hesabu ya mdhamini ni ya vichwa. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Mpimbwe, hukuhuku Katavi, mbali na ofisi za masoko za Dar es Salaam. Kampasi changa yenye wanafunzi wachache haiwezi kuuza umati ambao haina. Kama sherehe ya wanafunzi haiwezekani bila bango, basi walio pembezoni watasherehekea mara chache, na si kwa sababu hawana la kusherehekea.

Watu wa Mpanda tuna historia yetu ya makampuni. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa na Uruwira Minerals. Miaka kumi baadaye, 1960, mgodi ulifungwa na kampuni ikaondoka. Reli ikabaki. Ndiyo iliyotubebea mahindi na mpunga, na ndiyo iliyotupeleka Tabora na kwingineko tulipokwenda kusoma. Kampuni haikuijali Mpanda kuliko kampuni nyingine yoyote inavyojali mji. Ilitokea tu kwamba katika mambo yaliyofanyika kwa ajili yake, moja halikuweza kukunjwa na kubebwa.

Kwa hiyo sisemi wadhamini wafukuzwe, wala simtumi mtu akatoe matairi upepo. Nasema daftari lirudi kwanza. Kila mwanafunzi atoe kidogo, jina liandikwe, mahesabu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo pamoja na mkataba wa mdhamini, kila mtu asome tumeahidi nini. Sherehe itakuwa ndogo. Huenda kukawa na spika mbili badala ya nane, na tukakaa chini ya mwembe. Mdhamini akija baada ya hapo, atakuta shughuli ambayo ingefanyika hata bila yeye, na risala ambayo imekwisha kuandikwa.