Sikio la Kushoto

Siku niliyompeleka baba sinema pale Mlimani City, alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mwisho upande wa kulia wa ukumbi. Nikamwambia tukae katikati, ndiko sauti inakozunguka vizuri. "Kwangu hakuna kuzunguka, mwanangu," akanijibu. Sikio lake la kulia alilipoteza duarani, baruti ilipolipuka kabla hajafika mbali.

Sauti ya kumbi hizi imepangwa kwa ajili ya mtu mwenye masikio mawili. Kuna njia ya kushoto, ya katikati, ya kulia, mbili za ubavuni, na ya sita ni ya mvumo mzito, ile ambayo nyumbani tunaiita sabufa. Mwaka 1992 Dolby waliizindua kidijitali kwa Batman Returns, data za sauti zikichapwa kwenye nafasi ndogo kati ya matundu ya pembeni ya filamu. Mwaka uliofuata DTS wakaja na Jurassic Park kwa njia nyingine: sauti ya kidijitali iliwekwa kwenye CD, nayo filamu ikabeba alama za muda za kuifanya CD iende sambamba na picha.

Wazo la kutenganisha picha na sauti Tanganyika ilishaliona. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu huko Vugiri, milima ya Usambara, na kuzizungusha kwa gari vijijini. Sehemu ya fedha zake ilitoka kwa kampuni za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (migodi na sinema wana udugu wa zamani). Filamu zilikuwa bubu. Maelezo yalitoka kwenye santuri. Picha ileile ukaibadilishia santuri, ikasema Kiswahili, ikasema Kisukuma. Ilikuwa njia rahisi kwa gharama, na ya kibabe pia, kwani mwenye santuri ndiye aliyeamua watu wameona nini.

Kwetu Kakola, jirani na Bulyanhulu, mambo yaligeuzwa. Katika banda umiza, jenereta likinguruma nje, kanda ilikuja na sauti ya Lufufu juu ya sauti ya steringi. Alitafsiri, alitania, aliongeza ya kwake. Sauti ya Hollywood, iliyochanganywa kwa gharama kubwa, ilisukumwa nyuma kama kelele za sokoni. Wachimbaji waliotoka shimoni na vumbi bado kichwani walimlipia yeye. Steringi wengine hata majina hatukuyajua.

Na yote ilitoka kwenye spika moja, juu ya televisheni. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu "maendeleo" ya sauti, na sijakuta aliyeandika hili: mbele ya spika moja, mwenye sikio moja hana pungufu. Baba alicheka pale wote walipocheka, kwa wakati uleule.

Mlimani City helikopta ilipita upande wa kulia. Safu nzima ikageuza shingo, isipokuwa yeye. Mabomu yalipoanza akaweka kiganja kwenye mkono wa kiti, akakiacha kitetemeke. "Sabufa yao ni nzuri," alisema.

Kisha akauliza, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, mfasiri anaanza saa ngapi.