Kimondo cha Mbozi: Chuma Kilichopikwa Nyotani

Kimondo cha Mbozi, jiwe jeusi lenye vibonyeo na urefu wa mita 3 hivi, ni chuma kwa takriban asilimia 90. Kinachobaki karibu chote ni nikeli.

Chuma chake ni cha kale kuliko Dunia. Ndani ya nyota, hidrojeni huungana kuwa heliamu, na heliamu kuwa kaboni na oksijeni. Nyota kubwa sana huendelea hadi silikoni, kisha hukwama kwenye chuma: kuunganisha viini vyake hakutoi nishati, bali huila. Kitovu huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na nyota hulipuka.

Nyota vibete vyeupe navyo hulipuka, vikimwaga chuma kingi angani. Gesi na vumbi vyenye chuma hicho viliunda Jua, sayari na miamba kama kimondo hiki miaka bilioni 4.6 iliyopita.

Dhahabu, iliyo nzito kuliko chuma, ina njia nyingine: mwaka 2017 wanaastronomia walishuhudia nyota mbili za nutroni zikigongana na kuzalisha elementi nzito kama hiyo.